Kahawa ya Baba, Ndizi za Mama

Ukimuuliza baba kazi yake, alijibu kwa neno moja: kahawa. Hakusema mkulima, wala hakutaja migomba, mahindi, maharage na ng'ombe wawili waliokuwa wakilia kila alfajiri nyuma ya jiko. Kwa mwanamume wa Kilema wa rika lake jibu hilo lilitosha, maana kahawa ndiyo iliyopanda kwenye mzani wa chama cha msingi, ikaandikwa kilo zake, ikalipwa kwa jina lake. Daftari la mauzo alilitunza juu ya kabati, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Mama hakuwa na daftari.

Kilema ina sababu ya kujivunia zao hilo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1890, na katika bustani yao kahawa iliota kabla karne ile haijaisha. Wachagga waliiangalia kwanza, kisha wakaichukua na kuiotesha chini ya migomba yao wenyewe. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa hawakufurahi. Walisema kahawa ya Mwafrika itawaletea magonjwa, na lililowauma zaidi ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwenzake. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, Bwana Shauri Charles Dundas akiwaunga mkono. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake tulilijua kabla ya kujua jina la mkoa wetu. Babu aliyazungumza mambo hayo kana kwamba aliketi meza moja na Merinyo. Sidhani kama aliwahi kumkaribia.

Fedha za kahawa zilijenga shule, zikaezeka nyumba mabati, zikawatuma vijana Makerere. Hayo ni kweli na sitayabeza. Ila nimekua nikisoma habari za Kilimanjaro ambamo kahawa hufanya kila kitu peke yake, na mimi nilikulia ndani ya nyumba ambamo nilimwona hasa nani alikuwa akifanya nini.

Kihamba chetu, yaani shamba linaloizunguka nyumba, hakikufika ekari mbili. Apitaye barabarani angeona migomba tu. Akiingia ndani angegundua kuwa ni jengo la ghorofa: juu kabisa mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini magimbi, viazi vikuu na maharage, kila kimoja kikipokea mwanga uliobakizwa na cha juu yake. Mpakani kulikuwa na masale, mmea ambao hakuna anayeung'oa kwa mchezo, kwa kuwa ndio alama ya mpaka, na ndio huohuo mtu anaoushika mkononi anapokwenda kuomba radhi. Mfongo ulipita upande wa juu, ukituletea maji kutoka mtoni. Siku ya kuuzibua kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja mwenye jembe, na asiyetokea alitozwa mbege. Baba hakukosa hata mara moja. Mfongo ulikuwa kazi ya wanaume, kahawa ilikuwa zao la wanaume, na mbege, ingawa ilipikwa na wanawake, ilinywewa kwanza na wanaume.

Ndizi zilikuwa za mama. Hakuna aliyewahi kutangaza hivyo, ilijulikana tu. Mchare wa kupika, kisukari cha kuiva, na zile za kutengenezea mbege zote zilikuwa chini ya amri yake, na baba alipotaka mkungu wa kumpa mgeni alimwambia mama kwanza. Maziwa pia yalikuwa yake. Lakini ng'ombe walikuwa wa baba, na hapo pana jambo la kuchekesha ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi: ng'ombe ni wa baba, majani ya ng'ombe anayatafuta mama, samadi ya ng'ombe anaibeba mama kwenda kuiweka kwenye mashina ya migomba na kahawa, na kahawa ile ikinenepa kwa samadi hiyo inaandikwa kwenye daftari la baba. Bila ng'ombe kihamba kingechoka baada ya miaka michache. Kimelimwa vizazi na vizazi bila kupumzishwa, na sababu yake ni kinyesi kilichopitia juu ya vichwa vya wanawake.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hukuhuku Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Nilimsomea mama habari hiyo. Aliuliza kama wataleta na majani.

Majani hayakutoka kihambani. Kihamba hakina nafasi ya malisho, na ndiyo maana huwezi kueleza maisha ya mkulima wa mlimani bila kushuka naye tambarare. Wengi wetu tulikuwa na shamba la pili huko chini. La kwetu lilikuwa ng'ambo ya Himo, uelekeo wa Kahe, ekari mbili na nusu za udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hunasa kwenye miguu na jua likiwaka hupasuka. Sisi tuliliita porini tu. "Mama yuko wapi?" "Kaenda porini." Huko hakuna mgomba wala kivuli. Huko ni mahindi na maharage wakati wa masika, alizeti wengine walipoanza kuijaribu, na upepo wenye vumbi miezi iliyobaki.

Wazee walikuwa na hofu ya zamani juu ya tambarare. Homa ilikuwa huko. Mtu wa mlimani alijua kwamba akilala chini ataumwa, hata kabla hajaambiwa habari za mbu, na kwa hiyo alishuka kulima na kupanda tena kulala nyumbani, hata kama safari ilimla nusu ya siku. Mama aliifuata kanuni hiyo karibu maisha yake yote. Tuliamka gizani, tukashuka kwa miguu mpaka barabara kuu, tukadandia gari la mtu, tukalima mpaka jua likawa halivumiliki, tukala viazi vya kuchemsha chini ya mgunga, tukalima tena, kisha kila mmoja akajitwika mzigo wa majani kwa safari ya kurudi. Wa mama ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kwa nyuma ulionekana mzigo unaotembea. Njiani alikuwa akituuliza hesabu za kichwa, mara saba, mara nane, na aliyekosea alipewa na mzigo wa ndugu yake mdogo. Sijakutana na mbinu ya kufundisha iliyo kali kama hiyo.

Mwezi wa saba na wa nane mambo yaligongana. Mahindi yalikuwa yamekauka chini, kahawa ilikuwa imeanza kuiva juu. Baba alitaka mikono yote ichume kahawa, maana tunda likizidi kuiva au likianguka ubora umekwisha. Mama alitaka mikono yote ikavune kabla wezi na panya hawajavuna. Ugomvi wao wa kila mwaka ulikuwa huo, na ulikuwa na adabu zake. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, "Kahawa haitangoja." Mama alijibu, "Sawa, baba. Na watoto watakula kahawa." Wiki hiyo tuligawanywa: wavulana juu, wasichana chini.

Baba alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba hubaki kwenye nyumba ya wazazi na kuwatunza. Mzaliwa wa kwanza naye hupewa kihamba chake. Walio katikati huambiwa wajitafutie. Hivi ndivyo mlima ulivyowatema watu wake kwa muda mrefu: kushuka Himo na Kahe, kwenda Moshi mjini kufungua duka, kwenda Arusha, Tanga, Dar es Salaam. Watu hutusifu Wachagga kwa kupenda biashara kana kwamba tumezaliwa na rejista mkononi. Wengi walikuwa tu watoto wa katikati.

Mmoja wa baba zangu wakubwa, wa katikati kabisa, aliajiriwa miaka ya 1970 kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, huko Hanang. Yalikuwa ya shirika la umma, NAFCO, na Kanada ndiyo iliyotoa wataalamu, mashine na fedha, kwa mtindo wa mbuga zao za magharibi ambako mkulima mmoja na familia yake hulima ngano mpaka upeo wa macho. Mashamba yalifika saba, kila moja lipatalo ekari 10,000. Baba mkubwa alirudi likizo ya Krismasi akiwa na miwani ya jua na hadithi zisizokwisha. Shamba lisilo na mti hata mmoja! Unaanza mstari asubuhi, unageuza trekta jua likiwa utosini! Alisema Mzungu mmoja alimweleza kwamba kwao serikali ilimpa babu yake ekari 160 bure, alichotakiwa ni kukaa na kulima. Baba, mwenye kihamba kisichofika ekari mbili, alitikisa kichwa akanyamaza. Bibi alikuwa ameketi karibu na moto akimenya ndizi. Aliuliza, "Na wenyewe walihamia wapi?"

Baba mkubwa alisema pale palikuwa pori tu.

Hapakuwa pori tu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao walikwenda mahakamani kuidai ardhi yao, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikalipa ushindi shirika. Na ekari 160 za Mzungu yule pia zilikuwa na wenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862, na ya Kanada iliyoifuata mwaka 1872, ziligawa nchi ambayo watu wake wa asili walikuwa wamesukumwa pembeni. Bibi hakujua lolote kati ya hayo. Alijua kwamba ardhi isiyo na masale haimaanishi haina mtu.

Msaada wa Kanada ulikoma miaka ya 1990 na mashamba yale yakadorora. Vipuri vilikuwa vya kuagiza, mafuta ya kununua, mbegu na dawa hivyohivyo, na zao lilikuwa moja. Baba mkubwa alirudi nyumbani bila miwani. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na nilichoanza kukiona ni kwamba ndani ya kihamba chetu tulikuwa na Basotu yetu ndogo. Kahawa nayo ilikuwa kitu cha kununuliwa dawa na kupangiwa bei na watu wasioijua Kilema.

Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umeingia mlimani tangu miaka ya 1960. Unaiozesha buni ikiwa bado changa, unapita asubuhi na kukuta punje nyeusi zimekauka kwenye tawi. Ukiongeza kutu ya majani, baba alilazimika kubeba bomba mgongoni na kunyunyizia dawa msimu mzima, mikono na shati vikiwa vya buluu kwa mrututu. Dawa ilikopeshwa na kukatwa kwenye malipo. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, KNCU ikiwemo, na kahawa ikauzwa kupitia vijiji na mamlaka ya zao. Ushirika uliporudishwa mwaka 1984 baba alichinja mbuzi. Miaka mitano baadaye, mwezi wa saba mwaka 1989, makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yakavunjika, na bei ikaporomoka duniani kote. Baba alisikia kwenye redio ya Taifa. Alidhani ni jambo la msimu mmoja.

Mwaka ule ule ndipo dada yangu alipochaguliwa kwenda sekondari, na mimi nikafuata. Hesabu ya nyumba ikageuka mbele ya macho yetu. Malipo ya kwanza ya kahawa yalimezwa na deni la dawa. Malipo ya pili yalichelewa, na yalipofika yalikuwa ya kununulia sukari na mafuta ya taa. Ada ilitoka kwenye ndizi. Mama aliongeza safari za soko la Himo, mikungu miwili kichwani na mgongoni wakati wa kushuka, na alirudi na samaki wakavu, chumvi, na noti alizozikunja kwenye pindo la kanga. Yeye na wenzake wa jumuiya walikuwa na upatu. Zamu yake alikuwa akiipanga iangukie mwezi wa kwanza, shule zinapofungua. Mahindi ya porini yalitulisha. Tulikuwa watu tisa pamoja na bibi, na gunia la kilo 100 lilikwenda wiki tano, sita kama migomba ilikuwa imezaa vizuri. Magunia hayo hayakupita kwenye mzani wowote.

Nilipofika kidato cha tatu nilianza kusoma uwekaji hesabu za biashara, na kwa ukorofi wa umri ule nikaamua kuzipigia hesabu ndizi za mama, maziwa na mahindi kwa bei ya soko la Himo, nizilinganishe na kahawa. Matokeo hayakuwa hata ya kubishania. Upande wa mama ulizidi mara kadhaa. Nikamwonyesha. Alitazama karatasi, akasema, "Umesahau majani." Kweli, nilikuwa sijaweka bei ya majani, wala samadi, wala kuni, wala yeye mwenyewe. Akaniambia nisimwonyeshe baba, si kwa kumwogopa, bali kwa kuwa mtu aliyeanguka hapekuliwi mifuko.

Namshukuru kwa hilo, maana baba hakuwa mvivu wala mchoyo. Alikuwa mtu aliyefundishwa kwamba kazi yenye heshima ni ile inayoandikwa, na maandishi yalipomwangusha hakuwa na lugha nyingine ya kujieleza. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa msimu wa 1994/95, wakaja na fedha taslimu getini, aliendelea kupeleka kahawa yake chama cha msingi kwa malipo ya mafungu, akiwaita waliouza getini watoto. Mwaka 2001, bei ya dunia iliposhuka kuliko ilivyowahi kushuka kwa miaka 30, majirani waling'oa mibuni wakaotesha nyanya. Yeye hakung'oa. Aliipogoa, akaiacha. Kuna siku nilimkuta amesimama kwenye safu ya mibuni ya babu na bomba tupu mgongoni, na sikujua niseme nini, nikamwambia chai iko tayari.

Tulimzika kihambani, chini ya migomba, kama inavyotakiwa. Siku ya nne ukoo ulikaa. Mambo ya kihamba yalikwisha haraka: kaka mkubwa alikwishapewa eneo lake, kitinda mimba anabaki na mama. Kaka wa katikati alikuwa na kazi yake Dar es Salaam, na wazee wakasema, ili naye asitoke mikono mitupu, apewe lile la porini. Wasichana watatu hatukutajwa. Hakukuwa na ubaya wa makusudi. Ndivyo orodha ilivyokuwa ikisomwa tangu zamani.

Mama aliomba kusema. "Wazee wangu," alisema, "kihamba ni cha ukoo. Mimi nilikikuta, na nitakiacha. Lile la porini sikulikuta. Nililifyeka na hawa."

Baba mkubwa, yuleyule wa Basotu, akamwambia kwa upole, "Mama, binti huolewa."

"Wawili wameshaolewa, shemeji. Na mwezi wa tatu walikuwa porini wanapanda."

Kisha akaanza kutaja msimu kwa msimu: mwaka wa ukame nani alirudia kupanda, mwaka wa viwavi nani aliokota, mabua yaliyolisha ng'ombe walioliwa kwenye harusi ya nani yalibebwa na nani. Hakuwa na karatasi. Alikwenda nyuma miaka mingi bila kukwama, na wazee wawili watatu walianza kutikisa vichwa kukubali kwa sababu walikuwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ileile ya kumiliki kama mwanamume, na nilikuwa nimejiandaa kuitaja. Sikuitaja. Nadhani ingewafanya wazee wajisikie wanashitakiwa, na mtu anayeshitakiwa hujitetea. Kilichoamua zaidi, niseme ukweli, ni kaka wa Dar es Salaam, aliyesema kwamba yeye hata kushika jembe hakumbuki, na kwamba akipewa shamba lile ataliuza kabla ya Pasaka. Baba mkubwa akacheka, wengine wakacheka, na ekari mbili na nusu zikaandikwa kwa majina yetu matatu mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Nawajua wanawake ambao kikao chao hakikwenda hivyo. Walilima tambarare miaka ishirini na kuondoka na jembe. Sitaki mtu aisome hadithi yetu akadhani ndiyo kawaida. Ilihitaji mama mwenye kumbukumbu ile, kaka asiye na tamaa, na mzee mmoja ambaye ardhi ya watu wengine ilikuwa imeshamfundisha kitu, ingawa hilo la mwisho nakisia tu.

Siku hizi mdogo wetu wa kihambani ameotesha miche mipya kutoka kituo cha utafiti cha TaCRI, Lyamungo, inayostahimili chulebuni na kutu, na bomba limewekwa darini. Bei imekuwa ya kutia moyo. Watu wakimuuliza kazi yake, anasema kahawa, na mkewe akiwa karibu huangua kicheko. Huko chini, Himo na Njia Panda zimekutana na zinazidi kutambaa kuelekea kwetu. Madalali wanapita na mita za kupimia, ekari inageuzwa viwanja, na kila mwaka jirani mmoja zaidi anavuna mabati badala ya mahindi. Masika nayo imekuwa ya kubahatisha. Mara mbili katika miaka ya karibuni mahindi yamekauka yakiwa yametoa mbelewele, tukavuna mabua tu.

Kwa hiyo sisi watatu hatukubaliani. Dada mkubwa anataka tuuze nusu ekari upande wa barabara tujenge vyumba vya kupangisha. Mdogo wangu anataka tuache mahindi, tuweke alizeti na choroko, vinavyovumilia jua. Mimi nataka tusiuze hata hatua moja, na nikiulizwa sababu sina ya kifedha ninayoweza kuitetea. Tulikwenda kwa mama mwezi uliopita aamue. Alitusikiliza wote watatu mpaka mwisho, akauliza kupandisha mzigo wa mabua kwa gari safari hii ni shilingi ngapi, na tulipomwambia akasema ni ghali, tukayachukue kesho asubuhi kabla jirani hajayamaliza, na hayo mengine tutayazungumza ng'ombe wakiwa wameshiba.